UZI: Karatasi ya maabara inasema "amiba". Ndiyo inayomwendesha mgonjwa?

TabibuWete

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Uzi huu ni kwa matabibu, wauguzi na watu wa maabara wa vituo vyetu vya Unguja na Pemba, na kwa yeyote aliyerudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa "sisti za amiba zimeonekana" (amiba ni kimelea cha chembe moja) akaambiwa hiyo ndiyo inayomwendesha, yaani inayomharisha. Mara nyingi siyo. Mgonjwa anakunywa metronidazoli, dawa ya amiba, siku saba, mdomo unajaa ladha ya chuma, tumbo linatulia siku ya tatu kwa kuwa lilikuwa njiani kutulia lenyewe, na sifa inaenda kwa dawa. Yule ambaye tumbo halikutulia anarudi, anapewa metronidazoli ile ile tena.

Kabla ya kuandika fomu ya kipimo cha choo, uliza siku. Kuharisha maji maji kulikoanza jana au juzi, kwa mkubwa au mdogo, kwa kawaida ni virusi au bakteria. Hapo kazi ni maji ya ORS, na kwa mtoto zinki, na kuangalia kama ni kipindupindu: choo kama maji ya mchele, kinamwagika bila maumivu, na mtu anakauka ndani ya saa chache. Huyo hasubiri hadubini. Vimelea vinaanza kupanda kwenye orodha pale kuendesha kunapofika siku 14 au kupita hapo, au pale mtu anapoharisha, anaacha, anaharisha tena, huku nguo zinampwaya.

Halafu tazama choo chenyewe, usisimuliwe tu. Choo cha rangi ya majani makavu, kinachoelea, kina mafuta, kinanuka kupita kiasi, pamoja na gesi na mbweu zenye harufu ya yai viza: fikiria jiadia, kimelea kingine cha chembe moja. Choo kidogo kidogo chenye kamasi na damu, na mtu anakwenda msalani kila mara hapati kitu: ni kuhara damu, na kwa mtoto bakteria wa Shigella hutangulia mbele ya amiba. Maji matupu wiki mbili au tatu kwa mtoto aliyekonda au mtu mwenye VVU: fikiria kimelea cha kriptosporidiamu, ambacho kipimo cha kawaida cha choo hakiioni kabisa.

Kuhusu amiba. Sisti ni ile hali yake ya kutulia ndani ya ganda. Sisti ya Entamoeba histolytica, inayoumiza, na ya Entamoeba dispar, isiyoumiza mtu, zinafanana kwa kila kitu chini ya hadubini: ukubwa maikromita (elfu moja ni milimita moja) 10 hadi 15, viini visivyozidi vinne. Hakuna jicho linaloweza kuzitofautisha. Na dispar ndiyo iliyo nyingi zaidi kwa mbali. Kwa hiyo sisti peke yake, kwa mtu asiyehara damu, haitoshi kumwambia ana ugonjwa wa amiba.

MaabaraMkoani

Waalaykum salaam, Daktari. Ahsante kwa kuyaweka hivyo. Niongeze upande wa benchi, kwa sababu majibu mabaya mengi yanaharibika kabla sampuli haijafika kwetu.

Tatizo la kwanza ni chombo. Bado watu wanaleta choo ndani ya kiberiti au kimefungwa kwenye karatasi. Karatasi inanyonya unyevu, na amiba hai inakufa. Mpe mgonjwa kikopo kikavu chenye mfuniko, mweleze kwa maneno: ajisaidie kwenye poti la mtoto au karatasi ngumu, si ndani ya choo cha maji, achukue kiasi cha ncha ya kidole gumba, na achague pale penye kamasi au damu. Mkojo usiingie, kwani mkojo unaua amiba inayotembea. Maji ya kutawadhia yasiingie pia, yanaweza kuleta vijidudu vya majini ambavyo mpimaji mchanga atavihesabu.

Tatizo la pili ni saa. Choo cha maji kisomwe ndani ya dakika 30 tangu kitoke. Choo laini, ndani ya saa moja. Kigumu kinaweza kungoja, maana humo tunatafuta sisti na mayai. Sampuli iliyotoka alfajiri Kengeja ikafika benchi saa tano asubuhi haiwezi kukuonyesha amiba hai wala jiadia inayoogelea, hata mpimaji awe bingwa kiasi gani. Bora mgonjwa atoe sampuli pale pale kituoni. Na fomu iandikwe saa ya kutoa, si tarehe tu.

Tatizo la tatu ni alichokunywa. Mafuta ya mnyonyo, dawa za kiungulia, na antibayotiki zilizonunuliwa dukani zinafunika au kuvifukuza vimelea kwa siku kadhaa. Uliza.

Slaidi yenyewe: tone la maji ya chumvi ya asilimia 0.85 upande mmoja, tone la ayodini upande wa pili. Chukua choo kwa kijiti, kiasi cha kichwa cha kiberiti au pungufu, koroga, funika kwa kioo chembamba. Kipimo cha unene ni kwamba ukiiweka slaidi juu ya gazeti, maandishi yasomeke kupitia kwake. Nene mno, huoni kitu; nyepesi mno, hakuna kitu cha kuona. Anza na lenzi ya 10, pita eneo lote la kioo mstari kwa mstari, kisha lenzi ya 40 kwa kila unachokitilia shaka. Punguza mwanga kwa kushusha kondensa, ile lenzi ya mwanga iliyo chini ya slaidi. Watu wengi wanasoma na mwanga mkali na sisti zinapotea mbele yao.

Jiadia hai ukiiona mara moja huisahau. Inadondoka huku inapinduka, kama jani la mkungu linaloanguka siku isiyo na upepo, upande mmoja bapa, upande mwingine mwembamba. Sisti yake ni yai dogo la maikromita 8 hadi 12 lenye viini vinne na nyuzi katikati. Amiba inayoumiza inatoa mguu mmoja ulio wazi kama kioo, inajisukuma mbele kwa njia iliyonyooka, na tumboni mwake kuna chembe nyekundu za damu. Hiyo ndiyo inayostahili kuandikwa kwa herufi kubwa. Isipokuwa na chembe nyekundu, andika ulichokiona na ukubwa wake, usiandike jina la ugonjwa.

Muuguzi_Mkokotoni

Samahani kuingilia, kaka MaabaraMkoani. Chembe za usaha zinachanganywa na amiba kila siku. Kuna njia ya haraka ya kuzitofautisha?

MaabaraMkoani

Ipo, dada. Chembe ya usaha haitembei, au inatikisika tu hapo hapo. Viini vyake vimegawanyika vipande viwili vitatu, na ukiongeza ayodini vinaonekana vizuri. Ukubwa wake ni maikromita 10 hadi 12 hivi. Amiba hai yenye damu ni kubwa zaidi, mara nyingi inapita 20. Pima kwa mizani ya lenzi ya macho, yaani mistari ya kupimia iliyochorwa ndani yake. Hadubini isiyo na mizani hiyo inakulazimisha kukisia, na sisti ya Entamoeba coli, ambayo haina madhara, inakisiwa kuwa ile mbaya. Coli ina viini hadi vinane na ukubwa wake huanzia maikromita 15.

Usaha mwingi na damu bila amiba inayotembea ni dalili ya Shigella au bakteria wengine. Andika hivyo hivyo. Tabibu anahitaji kujua.

MamaSumayya

Assalaam alaykum. Mimi si mtu wa afya. Watoto wanapewa dawa za minyoo skuli kila mwaka. Sasa mtoto akiendesha, si ina maana dawa haikufanya kazi?

BwanaAfya_Micheweni

Waalaykum salaam, Bi. Swali lako ni zuri na wengi wanalo.

Dawa ya skuli ni albendazoli miligramu 400 au mebendazoli miligramu 500, kidonge kimoja. Inalenga michango (ile mirefu ya mviringo), safura, na minyoo ya mjeledi. Minyoo hii kwa kawaida haimwendeshi mtoto. Safura inanyonya damu, mtoto anakuwa mweupe viganjani na anachoka. Michango ikiwa mingi inaweza kuziba utumbo. Kwa hiyo kidonge cha skuli kinamkinga na upungufu wa damu na udumavu, na kina thamani kubwa, ila hakikuwekwa kwa ajili ya tumbo la kuendesha. Jiadia na kriptosporidiamu ni viumbe vya chembe moja, na kidonge kimoja cha albendazoli hakiviondoi.

Kuna minyoo miwili ya kuangalia kwa upande wa kuharisha. Mjeledi ukiwa mwingi sana, mayai 10,000 na zaidi kwa gramu moja ya choo, unaleta kamasi na damu kwa muda mrefu na pengine kinyeo cha mtoto kinatoka nje akijikamua. Na mjeledi ndio unaoipa tabu albendazoli: dozi moja inawaponya wachache. Majaribio yaliyofanyika Pemba, Laos na Côte d'Ivoire yalionyesha kwamba kuchanganya albendazoli na ivamektini (dawa nyingine ya minyoo) kuliuua mjeledi vizuri zaidi Pemba na Laos, lakini Côte d'Ivoire mchanganyiko haukuongeza kitu cha maana. Wa pili ni Strongyloides. Huo nawaachia watu wa maabara.

Hadubini_Chake

Naupokea hapo.

Kwanza niseme jambo kuhusu takwimu zetu. Pemba imepimwa minyoo kuliko visiwa vingi duniani, na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000, ina mchango mkubwa katika hilo. Lakini kipimo kinachotumika kwenye kampeni za minyoo ni Kato-Katz: choo kinapitishwa chujio, kinajazwa kwenye tundu la miligramu 41.7, kinafunikwa kwa selofeni iliyolowekwa gliserini, mayai yanahesabiwa na kuzidishwa kwa 24 kupata idadi kwa gramu. Ni kipimo kizuri cha kuhesabu mayai. Choo cha maji hakipimiki kwa njia hiyo, sisti hazionekani, na mabuu ya Strongyloides hayaonekani. Mayai ya safura nayo yanayeyuka machoni ukingoja zaidi ya dakika 30 hadi 60. Kwa hiyo mtu asichukue ripoti ya minyoo ya shehia akasema ndiyo inayoeleza watu kuharisha.

Kwa mgonjwa wa siku 14 na zaidi, slaidi moja ya maji ya chumvi haitoshi. Jiadia haitoki kila siku; leo hakuna, keshokutwa slaidi imejaa. Omba sampuli tatu, siku tofauti, ndani ya siku kumi. Na vimelea uvikusanye pamoja kwa formalini na etha:

Choo gramu moja, kama punje ya mbaazi, kivunje ndani ya mililita 4 za formalini ya asilimia 10. Ongeza mililita 3 hadi 4 nyingine, tikisa, chuja kwa chujio au shashi. Mimina kwenye tyubu ya sentrifuji (mashine ya kuzungusha), ongeza mililita 3 hadi 4 za etha, ziba, tikisa kwa dakika moja. Fungua kizibo taratibu, gesi inasukuma. Zungusha dakika moja kwa kasi ya mizunguko kama 3,000. Utapata matabaka manne: etha juu, kizibo cha takataka na mafuta, formalini, na mashapo chini kabisa. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Wanamwaga bila kukizungushia kijiti kile kizibo cha mafuta, kinakatika na kuteremka, mashapo yanakuwa uji wa mafuta na hakuna kinachosomeka. Kilegeze kwanza pembeni pote, kisha pindua tyubu kwa mkupuo mmoja. Na moto usiwepo chumbani. Etha inashika moto hata kutoka mbali. Njia hii inaua amiba na jiadia zinazotembea, kwa hiyo haichukui nafasi ya slaidi mbichi.

Kriptosporidiamu inataka rangi. Paka choo chembamba kwenye slaidi, kikauke, kishikishe kwa methanoli. Kaboli fuksini bila kuipasha moto, dakika 15. Osha. Alkoholi yenye asidi ya asilimia 1, sekunde 10 hadi 15. Osha. Malakaiti ya kijani ya asilimia 0.5, sekunde 30. Soma kwa lenzi ya mafuta. Utaona viduara vyekundu vya maikromita 4 hadi 6 juu ya kijani. Viduara vya 8 hadi 10 ni saiklospora, kimelea kingine. Chachu nayo ina ukubwa huo huo wa kriptosporidiamu, ila inachukua kijani. Maabara yoyote inayopima kifua kikuu kwa njia ya Ziehl-Neelsen ina karibu kila kitu kinachotakiwa. Tabibu asipoandika "tafuta kriptosporidiamu" kwenye fomu, hakuna atakayeipaka.

Strongyloides: ni mabuu, si mayai. Chukua choo kibichi gramu 5 hadi 10, ambacho hakikuingia friji, kiweke kwenye shashi juu ya faneli yenye maji vuguvugu na mpira umebanwa chini. Mabuu yanashuka kufuata maji. Baada ya saa mbili au zaidi, toa mililita 10 za chini, zungusha, soma. Angalia mdomo: buu la Strongyloides lina koo fupi, la safura lina koo refu. Kwenye choo kilicholala usiku kucha katika joto letu, mayai ya safura yanaweza kuanguliwa yakawa mabuu, na ukadhani umepata kitu kingine.

TabibuWete

Na hili la Strongyloides naomba lisisitizwe. Mgonjwa wa pumu au wa ngozi anayetaka kuanzishiwa prednisoloni (dawa ya steroidi) ya muda mrefu, akiwa ana tumbo la kuendesha lisiloisha au eosinofili (aina ya chembe nyeupe za damu) zimepanda, apimwe na atibiwe kwanza. Steroidi zinawaachia mabuu hao wakasambaa mwili mzima, na wengi hawaponi. Ivamektini mikrogramu 200 kwa kila kilo: mtu wa kilo 60 ni vidonge vinne vya miligramu 3.

Muuguzi_Mkokotoni

Je, kichocho? Watu wengi wanaomba choo kipimwe kichocho wakiendesha.

BwanaAfya_Micheweni

Kichocho cha visiwani ni cha mkojo, Schistosoma haematobium, kwa sababu konokono tulionao ni Bulinus. Pima mkojo. Kichocho cha utumbo kwa kawaida hakiambukizwi hapa. Lakini mtu aliyeishi Mwanza au kandokando ya Ziwa Victoria anaweza kuwa nacho, ndiyo maana unauliza kapita wapi.

Famasia_Michenzani

Assalaam alaykum nyote. Upande wa dawa, maana hapa kaunta ndipo makosa yanapoishia.

Jiadia, mkubwa: tinidazoli gramu 2 mara moja, yaani vidonge vinne vya miligramu 500, pamoja na chakula. Au metronidazoli miligramu 250 hadi 400 mara tatu kwa siku kwa siku 5. Mtoto: metronidazoli miligramu 5 kwa kilo mara tatu, siku 5.

Amiba iliyothibitika: metronidazoli miligramu 750 hadi 800 mara tatu kwa siku, siku 5 hadi 10, mtoto miligramu 10 kwa kilo mara tatu. Halafu diloksanaidi miligramu 500 mara tatu kwa siku 10, kwa mkubwa. Hii ya pili inasahauliwa kila siku. Metronidazoli inaua amiba iliyoingia kwenye ukuta wa utumbo, sisti zilizobaki ndani ya utumbo zinaishi, na mtu anarudi baada ya miezi akiwa na yale yale.

Mtoto anayehara damu: kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni kuanza na dawa ya Shigella, siprofloksasini miligramu 15 kwa kilo mara mbili kwa siku, siku 3. Metronidazoli inaingia tu ikiwa amiba yenye chembe nyekundu imeonekana, au dawa mbili tofauti za Shigella zimeshindwa.

Ramadhani: mgonjwa anayeendesha sana asifunge, ana ruhusa. Lakini mwenye jiadia ya siku nyingi ambaye ana nguvu na ameshikilia kufunga, dozi moja ya tinidazoli baada ya futari inamfaa kuliko kumpa ya mara tatu akaibana yote kati ya magharibi na daku.

Vidonge vya kukausha tumbo havitolewi kwa mtoto, wala kwa yeyote mwenye damu kwenye choo. Hili halina mjadala.

MamaSumayya

Ahsanteni sana. Na ORS kwa mtoto ni kiasi gani hasa? Nyumbani huwa tunakisia.

Muuguzi_Mkokotoni

Bi, pakiti moja kwa lita moja kamili ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Chupa mbili za nusu lita zinatosha kupimia. Ukitia maji machache, chumvi inazidi na mtoto anaumia. Ukitia mengi, haifanyi kazi. Chini ya miaka miwili, mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha. Wa miaka miwili na zaidi, 100 hadi 200. Kwa kijiko, taratibu. Akitapika, ngoja dakika kumi, endelea. Yaliyobaki baada ya saa 24, mwaga. Zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14; chini ya miezi sita, miligramu 10. Malizeni zote hata akishapona. Na ziwa asinyimwe.

Macho yakizama, akashindwa kunywa, akalegea, au ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama: kituoni, usiku au mchana.

KijanaWaJambiani

Mgonjwa katibiwa jiadia, kipimo cha pili safi, lakini bado anaendesha kila asubuhi. Arudiwe dawa?

TabibuWete

Kwanza uliza chai ya maziwa. Jiadia inakwangua ukuta wa utumbo mwembamba, na kwa wiki kadhaa utumbo haumeng'enyi sukari ya maziwa. Aache maziwa yasiyoganda, hata ya chai, wiki tatu hadi nne. Mtindi wengi wanauvumilia. Akitulia, ilikuwa hiyo. Asipotulia, angalia wa nyumbani. Sisti ya jiadia inaambukiza pale pale inapotoka, na sisti kumi zinatosha, tofauti na yai la mchango linalohitaji wiki mbili tatu udongoni kwanza. Mtoto wa nepi asiye na dalili yoyote anaweza kuwa anamrudishia mama yake kila wiki.

BwanaAfya_Micheweni

Na maji. Kidonge cha klorini kwenye dumu ni kizuri kwa bakteria, kwa jiadia kinahitaji muda mrefu zaidi, na kwa kriptosporidiamu hakifanyi kitu. Kuchemsha kunaziua zote: yakishatokota kwa nguvu dakika moja, yameiva. Kisha yasitiwe kwenye dumu lile lile lililotoka kisimani bila kusuguliwa, na kata ya kuchotea isilale chini. Baada ya mvua za masika, visima vifupi vilivyo mteremkoni chini ya mashimo ya vyoo viangaliwe kwanza. Mwambieni sheha aite watu wa afya wapime maji kabla hamjaanza kupima watu.